Konveta ya Mizunguko Elfu Tatu

Taa ilipowaka kijani, gari jekundu lilinguruma kama ndege inayotaka kupaa, kisha likaondoka kama mgonjwa anayeshushwa kitandani. Gari la mikate lililokuwa nyuma yake likalipita. Ndipo lile jekundu lilipozinduka, likaruka, nusura liingie kwenye mikate ya watu.

Barabara nzima ilicheka, isipokuwa mtu mmoja mwenye ovaroli ambayo haijawahi kuonja grisi. Mji ulimwita Mhadhiri, maana hakuna aliyemwona akishika spana, ila wengi walishamsikia akiieleza. Mhadhiri aliona turbo kubwa, gia otomatiki, na mwenye gari aliyeloa aibu. Riziki ikikupungia mkono, si adabu kugeuza uso.

Mwenye gari alikuwa muuza majeneza, mtu ambaye wateja wake hawajawahi kumharakisha. Mhadhiri alimkuta dukani akiipaka vanishi mbao laini ili ifike kaburini na sifa za mbao ngumu.

"Mzee wangu, pole na gari."

"Nani kakwambia linaumwa?"

"Haliumwi. Linasukumwa nje kabla halijavaa suruali." Mhadhiri akavuta kigoda. "Kati ya injini na gia boksi kuna bakuli la mafuta, konveta. Ndilo linaloshika nguvu na kuipeleka kwenye magurudumu. La kwako linashika mapema, injini ikifika mizunguko elfu moja mia nane. Turbo yako, ile feni inayoipulizia injini hewa, inaamka kwenye elfu tatu. Gari linaitwa kazini turbo bado imelala! Unahitaji konveta inayochelewa kushika."

Ajabu ni kwamba kila neno lilikuwa kweli. Tapeli mchanga huanza na uongo. Aliyekomaa huanza na ukweli, uongo akautunza kwenye bei.

"Ninayo moja ya elfu tatu, imetoka ng'ambo," alimalizia. "Ila malipo yote kwanza."

Muuza majeneza akamtazama kuanzia utosini hadi kwenye nyayo. "Ukinidanganya, kijana, vipimo vyako nimeshavichukua."

Akalipa.

Mchana gari likawa kwa Mama Gia, mwanamke mnene wa maneno machache aliyekuwa na gereji nyuma ya kituo cha mafuta. "Itoe konveta, ioshe, ipake bluu, irudishe palepale," Mhadhiri alimwagiza. "Mshale wa mizunguko kwenye dashibodi nitauchezea mwenyewe, usome elfu tatu."

"Mwanangu, wewe ukila watu, mimi ndiye ninayetapika. Wakirudi wanakuja kunitukana mimi. Jina langu ndiyo gereji yangu."

"Mara ya mwisho, mama."

"Hata ya kumi uliniambia hivyo."

Mhadhiri akaenda kunywa chai. Hakujua kwamba muuza majeneza alikuwa njiani kuja kuangalia kazi. Mzee alifika, akaikuta konveta mezani inang'aa bluu, akaikwaruza kwa ukucha.

"Shemeji," alisema taratibu, "nimepaka vanishi miaka ishirini. Kitu kilichofichwa chini ya rangi nakijua kwa harufu."

Mama Gia aliweka brashi chini, akamweleza yote. Kisha akafungua stoo na kutoa konveta ya kweli ya elfu tatu, aliyoichomoa kwenye gari la mashindano lililopinduka. Wakanong'ona kidogo. Wakacheka sana.

Jioni Mhadhiri alipanda gari kwa majaribio. Chai ilikuwa imemchelewesha, hakupata nafasi ya kuugusa ule mshale. Mzee akabana breki, akakanyaga mafuta. Mshale ukapanda hadi elfu tatu, turbo ikapiga mluzi, breki ikaachiwa, na Mhadhiri akabanwa kwenye kiti kama stempu kwenye barua. Hakuna aliyeshangaa kama yeye.

"Muujiza!" alipiga kelele mzee. "Nina marafiki sita wenye magari kama hili. Niletee sita leo hii, kila moja nalipa mara tatu!"

Mhadhiri alirudi kwa Mama Gia akihema. "Mama, umefunga nini mle?"

"Ya kweli. Nimechoka kutukanwa. Nimebakiwa na sita, lakini kuna bwana anakuja kuzichukua sasa hivi."

"Bwana gani? Bwana ni mimi!"

Akampa pesa zote za mzee, akiba yake ya miezi, na pikipiki yake juu. Akapewa makonveta sita ya bluu, yamefungwa kwenye nailoni. Akayapeleka dukani kwa mkokoteni wa kukodi, anaimba.

Muuza majeneza aliyatazama, akaendelea kupiga msumari. "Marafiki gani, kijana? Marafiki zangu wote wenye haraka nimeshawazika."

Mhadhiri akachana nailoni. Rangi mbichi ikamganda vidoleni, chini yake kutu tupu. Gerejini nako alikuta kufuli, na pikipiki yake haipo.

Kesho yake aliyasukuma makonveta hadi kwa dada mnunuzi wa vyuma chakavu. Kwa mazoea, akaanza somo.

"Dada yangu, hivi si vyuma tu. Kila kimoja kina kasi yake ya kushika. Injini ikifika mizunguko elfu tatu, mshale…"

"Kaka," dada akamkatiza, akitema ganda la karanga, "mshale ninaoujua mimi ni wa mizani. Weka hapo."

Mhadhiri akaweka.