Likizo Iliyowekwa Mezani

Jumamosi, 5 Februari 2005

Arbab Awadh, yaani tajiri wetu mwenye mkahawa, ametuita jikoni, mimi na Akinyi. Likizo ya Aprili ni ya mhudumu mmoja tu. Akasema kwa haki ni yangu, maana nina miaka mitatu katika mkahawa huu wa Kichina huku ughaibuni na Akinyi ana miwili. Akinyi alirudi kupanga glasi.

Safi kabisa! Ndugu yangu anaoa huko Embu tarehe tisa Aprili na mimi ndiye msimamizi wake. Suti imeshashonwa huko huko.

Jioni nimewaza zaidi. Kupewa ni kupewa tu. Mtu mwerevu huongeza.

Jumapili, 6 Februari

Kila alasiri mkahawa ukifungwa, Mzee Liang, mpishi wetu mkuu, hucheza mahjong na wenzake. Vipande vidogo vyeupe vyenye namba na michoro, kama ya mianzi. Unavipanga vitatu vitatu, vinavyofanana au vinavyofuatana kwa namba, na anayekamilisha wa kwanza ameshinda. Wanachezea njugu, kwa sababu arbab hataki kusikia habari ya kamari.

Nimemwambia Akinyi tuichezee likizo. Akishinda, aende yeye. Nikishinda, niende mimi, na Ijumaa zake zote za mapumziko ziwe zangu hadi Juni. Akaniuliza kama nina homa. Mtoto wake yuko Ahero kwa nyanya yake. Alimwacha hajaanza kutembea.

Kisha akasema, "Haya. Lakini rudia maneno hayo mbele ya Jeff."

Jeff ni dereva wetu wa kupeleka vyakula. Nikayarudia. Tutacheza Jumatano, Mwaka Mpya wa Wachina. Maskini Akinyi!

Jumatatu, 7 Februari

Utafiti. Nimemhoji Liang akikata vitunguu. Nane ni namba njema, kwa Kichina inakaribia kusikika kama utajiri. Nne ni mbaya, inasikika kama kifo. Nyekundu huvuta bahati. Mchezaji asiguswe begani. Asipewe kitabu, maana neno hilo linasikika kama kushindwa. Nimeandika yote.

Nikamwuliza kwa nini watu wa kwao wanapenda kubahatisha hivyo. Akasema si wote, na kwamba baba yake hakugusa mchezo wowote, lakini alilima mpunga kando ya mto. Mto ukafurika, ukabeba mpunga. Akapanda tena, ukabeba tena. Nani basi alibahatisha zaidi? Mezani, akasema, ukishindwa angalau umeshindwa na watu unaowajua.

Sijui hilo litanisaidia nini.

Akinyi naye alikuwepo. Alikuwa anauliza vipande gani hukaa pamoja. Anapoteza muda!

Jumanne, 8 Februari

Nimenunua chupi nyekundu madukani Azaiba, mtaa wa jirani. Ilibaki saizi kubwa tu. Nimeibana kwa pini.

Nimenunua pia kitabu cha picha cha watoto, nikampa Akinyi. Hila kamili! Akakishika kwa mikono miwili, akasema kumbe nina moyo, mwanawe hajawahi kupata kitabu kipya. Macho yakamlenga machozi. Nikajisikia vibaya kidogo. Ikapita.

Jumatano, 9 Februari

Mwaka wa Jogoo umeanza. Liang alituonya: leo hakufagiwi, mtu atafagia bahati ikatoka nje. Akinyi akafagia hata hivyo, kwa sababu wateja wa mchana walikuwa wanakuja. Mimi nikakaa miguu juu.

Saa tisa tukaketi: Liang, Jeff, Akinyi, mimi. Pini ikaanza kunichoma. Lakini vipande vilinijia vizuri mno! Nikabakiza kimoja tu nikamilishe.

Hapo mlango ukafunguka. Arbab! Liang akamwambia ni dhumna ya Kichina. Arbab akafurahi, akavuta kiti, akasema marehemu babake alikuwa bingwa wa dhumna Unguja. Kisha akanipiga begani.

"Nna raha kukuona umetulia, Nahashon."

Begani! Nikatokwa na jasho. Zamu yangu ikafika, nikaokota kipande. Nne ya mianzi. Kifo! Nikakitupa mezani kama kaa la moto.

Akinyi akakiokota taratibu. Akalaza vipande vyake vyote. Amekamilisha.

Liang akavigeuza vyangu. Tatu ya mianzi. Tano ya mianzi. Akaniuliza nilikuwa nasubiri kipande gani. Nikaiangalia ile nne kati ya vipande vya Akinyi. Akacheka mpaka akajifuta macho kwa aproni.

Alhamisi, 10 Februari

Nimepiga simu nyumbani. Mama aliuliza ni mchezo gani huo wa kupangapanga vigae. Ndugu yangu amesema binamu yetu atasimama badala yangu. Binamu ameshaijaribu suti yangu. Inamkaa vizuri kuliko mimi, ati.

Akinyi nimemkuta stoo analia, kitabu cha picha kifuani. Alikuwa ametoka kuongea na mtoto. Mtoto alimwuliza yeye ni nani. Akinyi akanishukuru kwa kitabu. Nikakosa pa kutazama.

Jumapili, 13 Februari

Tumemwambia arbab kwamba tumekubaliana, Akinyi aende Aprili. Akanisifu mbele ya watu. Nna miaka thelathini katika biashara, akasema, sijaona roho kama hii. Likizo ya Agosti akanipa mimi, peke yangu, bila mshindani.

Mama amefurahi sana. Harusi ni Aprili ile ile, lakini bwana na bibi harusi wataniwekea keki hadi Agosti.

Lakini nimeupitia ule mchezo upya. Kosa halikuwa langu. Nilikuwa nimeketi karibu na mlango, bega liko wazi kwa kila apitaye! Nikiketi mgongo ukiwa ukutani, nani atanigusa?

Nimemwendea Jeff. Nimemwambia tucheze: Agosti yangu dhidi ya ile redio yake ndogo.

Amekubali kabla sijamaliza kusema.