Mzee Luo Apewe Konje Kabla Hajatumaliza

Kwa Mheshimiwa Mkaguzi wa Kazi,
Muyinga.

Mheshimiwa,

Sisi vibarua tisa wa barabara ya Gitega–Muyinga tunakuamkia kwa heshima zote. Mimi Elikana, niliyesoma Kiswahili kambini, ukimbizini Tanzania, ndiye niliyepewa kalamu. Tunalalamika kwa niaba ya fundi wetu Mchina, Mzee Luo, ambaye haki zake zinakanyagwa mbele ya macho yetu. Mwenyewe hajalalamika. Hana nafasi.

1. Mzee Luo hapumziki. Kazi ya barabara, kama unavyojua, ina sehemu ya kuchimba na sehemu ya kuegemea koleo, ili udongo utulie. Hii ya pili kwao hawakumfundisha. Patroni, bosi wetu wa kampuni, akipita anakuta mmoja ameinama na tisa tumesimama, anatutazama kama sisi ndio tunaomwonea.

2. Jumamosi moja alitoka kufanya kazi za kilima, zile za bure za kijiji, pamoja na raia wote. Hakuna aliyemweleza kwamba kazi za kilima ni salamu kwanza, jembe baadaye. Saa mbili na nusu asubuhi mtaro ulikuwa umekwisha. Mtaro huo, Mheshimiwa, chifu wetu wa kilima, Venansi, alikuwa ameupangia mpaka Pasaka. Sasa anatafuta watu wa kuufukia.

3. Mpishi wetu Emerensiana alifiwa na baba mkwe huko Giheta. Sisi tulikwenda kulia siku nne, kama watu. Mzee Luo alipasua kuni zote za msiba, akainama mara tatu mbele ya marehemu, akarudi kazini mchana ule ule. Tangu hapo patroni anatuuliza kulia kunachukua saa ngapi.

4. Hili si la kucheka. Mwezi ujao mama yake anatimiza miaka themanini, naye hajamwona miaka mitatu. Mkataba unampa konje, likizo ya kwenda kwao, kila mwaka, lakini pasipoti yake iko ndani ya droo ya patroni, Gitega, eti isipotee. Juzi mwenzetu Prosper alimtania, "Mzee, we umeoa hii barabara?" Akaweka koleo chini, na hatujawahi kumwona akiliweka. Akasema, "Barabara, kesho iko. Mama, sijui."

Kwa hiyo tunaomba pasipoti itoke, apewe konje siku arobaini, Jumapili zake zote, na kiti chenye mgongo. Akikataa kukikalia, sheria imlazimishe.

Wasalimie mama watoto, karani wako, na yule mlinzi wa getini aliyetufukuza kwa sababu ya matope. Ni matope ya serikali.

Wako katika haki na jasho,
Elikana, kwa ajili ya wote tisa

N.B. Kabla sijafunga bahasha, patroni alisikia tunakuandikia, na droo ikafunguka yenyewe. Mzee Luo ameondoka asubuhi hii kwa basi, anacheka peke yake. Patroni ametuamuru kazi yake tuifanye sisi, Jumapili ikiwemo, mpaka arudi. Tumejaribu tangu saa moja. Tisa hatutoshi. Pale nilipoandika siku arobaini, tafadhali soma kumi. Mama yake tunampenda sana, lakini themanini si mia. Kiti kilete vilevile. Tutapokezana.