Mstari Mwekundu wa Mzee

Jumatatu, 3 Machi

Bei ya mafuta imepanda tena. Mara ya tatu tangu mwaka uanze! Mke wangu ni mwalimu mkuu, na hata akiwa nyumbani hajawahi kukivua cheo. Ametoa tangazo tukiwa mezani asubuhi. Gari la marehemu baba liuzwe. Mnunuzi yupo: Shemeji, kaka yake. Tena Shemeji hana haja na gari. Anataka injini tu, aifunge kwenye mashine yake ya kusaga. Bodi, kasema, itafaa kufugia kuku.

Kuku! Ndani ya gari ambalo baba alitupelekea shule mimi na dada yangu, vioo vimeshushwa, yeye anapiga mbinja! Nilipaliwa na chai.

Nimejitetea mpaka sauti ikakauka. Mwisho tumekubaliana hivi. Mwalimu Mkuu kalijaza tangi mpaka shingoni. Tangi hilo moja linipeleke kazini wiki nzima, na Jumapili limpeleke Mama kwa dada yake, ng'ambo ya kilima, na kumrudisha. Likizimika njiani kwa kukosa mafuta, hata mara moja, Shemeji aje na kamba alivute.

Nikakubali bila kupepesa macho. Ninayo siri ya Mzee.

Baba alikuwa fundi wa saa, mtu wa vipimo. Miaka ile mafuta yalipoadimika, majirani waliegesha magari yao, lakini sisi tuliendelea kutoka kila Jumapili. Mshale wa mafuta ulikufa nikiwa darasa la pili na hakujisumbua kuutengeneza. Alipima kwa ufito. Anautumbukiza tangini, anautoa, anautazama kimya. Una mstari mwekundu, na sheria yake naikumbuka mpaka leo: mafuta yakiugusa mstari mwekundu, safari ya kwa mama mkubwa ipo, kwenda na kurudi.

Jioni nimekwenda kwa Mama kuuomba. Ulikuwa nyuma ya kabati lake. Akaniuliza kama kweli nautaka. Nikamwambia Mama, huo ndio urithi wangu. Akautazama, akacheka mpaka akajifuta macho kwa upindo wa kanga. Fahari ya mzazi. Nilimwacha ajifute.

Nimepima. Mafuta yako juu ya mstari mwekundu kiganja kizima na vidole viwili! Sikumbuki baba kuwahi kufika huko. Nimeanza vizuri.

Jumanne, 4 Machi

Leo nimeendesha kama Mzee. Viatu nimevua, maana yeye aliendesha peku. Alisema mguu mtupu hauna papara. Nimekanyaga mafuta taratibu mno, gari likawa linanyata.

Nimepitwa na baiskeli. Nimepitwa na mwanamke aliyebeba kapu la nyanya, akanipa pole, akauliza kama gari linaumwa. Shemeji naye akatokea na baiskeli yake, akakaa nyuma yangu, akagonga kengele safari nzima. Sikugeuka. Mtu mwenye malengo hageuki.

Nimefika kiwandani nimechelewa dakika arobaini. Mimi ni fundi wa kujalidi vitabu. Msimamizi akasema kazi yangu ni kufunga vitabu na si kufungwa na gari. Mama Msahihishaji, anayesoma makosa ya chapa na ambaye nampa lifti kila siku, akamsahihisha papo hapo: tumechelewa dakika arobaini na tatu. Mwanamke huyu!

Viatu nimevisahau uani nyumbani. Nimeshinda peku kutwa nzima, gundi imenishika visigino.

Lakini mafuta je? Bado yako juu ya mwekundu, kiganja kizima! Shemeji agonge kengele mpaka ikatike.

Jumatano, 5 Machi

Jambo jipya: uzito. Gari zito linakula. Alfajiri nimetoa tairi la akiba, jeki, mazulia, na kiti chote cha nyuma.

Hapo nikakwama. Chini ya kiti nimekuta kitana cha baba, kile chenye meno matatu yaliyovunjika. Nimekuta kitufe cha sare ya dada yangu. Nimekuta kokwa ya ubuyu, na najua ni yangu, kwa sababu nilichapwa kwa kutema makokwa ndani ya gari na nikaapa sikutema. Nikakiweka kiti barazani, nikakaa upande wangu, wa kushoto. Bado kina harufu ileile ya ngozi na mafuta ya nywele ya Mzee. Nikainama kidogo kama ninamwona kwa mbele, kisogo chake na ile kola iliyopigwa pasi. Nilimkumbuka sana. Nimekaa hapo mpaka Mwalimu Mkuu aliponiuliza ninasafiri kwenda wapi.

Kazini nimechelewa tena. Mama Msahihishaji, ambaye hakubali kukaa mbele, kasafiri amekalia boksi la karatasi mbovu. Kwenye kona ya pili boksi likateleza naye mpaka mlangoni. Amesema kesho atatembea kwa miguu, na kwamba atawahi kunizidi.

Wepesi wa ziada: yeye peke yake lazima ana kilo themanini.

Kipimo cha jioni: vidole vitatu juu ya mwekundu.

Alhamisi, 6 Machi

Leo nimetumia ufundi mkubwa wa Mzee: kuzima injini kwenye mteremko.

Kilimani, njia ya kwa mama mkubwa, kuna ukuta mfupi wa mawe unaotazama bonde. Kila Jumapili baba alisimama pale. Alisema injini ipumue. Mimi na dada tulitembea juu ya ukuta tukihesabu mapaa ya bati bondeni. Yeye na Mama walikaa kwenye nyasi wakinywa chai, wakiongea mambo yao, na baba akicheka kicheko ambacho nyumbani hatukukisikia. Yaani mtu alibana mafuta huku anafurahi! Sisi tunabana mafuta tumekunja sura.

Basi, kwenye mteremko wa kuingia mjini nikazima. Raha iliyoje! Upepo tu na matairi. Nikapiga mbinja. Sasa hakuna aliyenikumbusha kwamba breki za gari hili huwa nzito injini ikizimwa. Nikakipita kiwanda. Nikampita msimamizi akiwa getini na saa mkononi. Nikampungia. Nimekwenda kusimama mbele ya soko, ndani ya rundo la magunia matupu, ashukuriwe Mungu.

Gari lisiwake! Wapagazi wanne wamelisukuma mpaka kiwandani. Mama Msahihishaji alikuwa ameshafika kwa miguu, anakunywa maji.

Vidole viwili juu ya mwekundu.

Ijumaa, 7 Machi

Shemeji kaja kukagua mali yake, ndivyo alivyosema. Nikamwonyesha ufito. Siku ya tano na mstari hata haujaguswa! Akauliza ufito umetengenezwa lini. Kisha akainama, akagonga tangi kwa kiungo cha kidole. Likalia kama debe. Akasema tangi lenye mafuta halilii hivyo.

Nikamwambia anagonga kwa husuda. Akasema sawa, na akapima upana wa dirisha la nyuma kwa shibiri. Anasema kuku wanapenda hewa.

Usiku wote huu nitaota kuku. Nalala mapema.

Jumamosi, 8 Machi

Sijaendesha. Gari nimelifunika shuka lisipoteze chochote kwa jua. Mwalimu Mkuu akauliza shuka jipya la nini, nikasema ni heshima.

Mchana kaniita pembeni. Akasema kwa sauti ya upole, siyo ile ya shuleni, kwamba njia ya kilimani ni ndefu na Mama ni mtu mzima. Kama nataka, tuongeze mafuta kidogo na hatahesabu kama nimeshindwa. Akasema anajua gari hili ni nini kwangu.

Nilikuwa na nafasi ya kusema ndiyo. Nikaleta ufito, nikauchovya mbele yake. Mafuta yamegusa mstari mwekundu. Pale pale, si juu si chini! Nikamwambia Mzee hajawahi kukosea. Nilisimama nimetoa kifua kabisa.

Akaguna, akarudi ndani.

Jumapili, 9 Machi

Naandika nikiwa bado na vumbi la barabarani.

Tumeondoka saa tatu, mimi, Mwalimu Mkuu na Mama. Kiti cha nyuma nimekirudisha kwa ajili ya Mama. Yeye alivaa kanga yake nzuri na amekumbatia chupa ya chai na vikombe. Nikamwambia kwa adabu kwamba chupa ni uzito, na kwa mama mkubwa tutapewa chai. Akasema safari hii hajawahi kwenda bila chupa.

Kilimani gari likakohoa. Likakohoa tena. Likatembea kwa heshima zake mpaka kwenye ukuta wa mawe, likazimika.

Nikasema injini inapumua. Mwalimu Mkuu akasema ametazama, na haipumui.

Mama ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka mpaka nikaogopa. Akafungua mlango, akaenda moja kwa moja kwenye nyasi, mahali pale pale, akakaa, akaanza kumimina chai. Akasema hata dakika zilezile, baba yako alikuwa fundi wa saa kwelikweli.

Akatueleza. Ufito ulikuwa mrefu zaidi. Mwaka mafuta yalipopanda, yeye Mama ndiye aliyetaka kuliuza gari. Baba akakata ufito kwa chini, vidole vinne. Ukikata chini mstari unashuka, mafuta kidogo yanaufikia, na mke anaonyeshwa kwamba safari ipo. Akaupima mkato wake, akaujaribu mara kadhaa, mpaka mafuta ya mstari mwekundu yakawa yanafika ukutani na kuishia hapo. Kila mara! Ilikuwa lazima wakae kusubiri msamaria apite na galoni. Nusu saa, wakati mwingine saa nzima. Mama alisema wiki nzima baba aliinamia saa za watu, na jicho lake moja lilikuwa la ile lenzi ya kutazamia saa. Pale ukutani ndipo baba alipokuwa wa Mama peke yake.

Nikamuuliza aligundua lini. Akasema mwaka wa pili, alikikuta kipande kilichokatwa kwenye sanduku la vifaa. Hakumwambia baba mpaka anakufa. Alianza tu kubeba chai.

Nikageukia bonde. Mapaa ya bati yameongezeka, siwezi kuyahesabu tena. Nililia kidogo, naandika ukweli. Miaka yote nilidhani baba alikuwa bingwa wa kubana mafuta, kumbe alikuwa bingwa wa kuishiwa. Mwalimu Mkuu alichukua kikombe kilichobaki, akakaa karibu yangu kwenye ukuta. Tulikunywa kimoja wawili. Sikumbuki mara ya mwisho tulikaa hivyo bila daftari la mtu la kusahihisha.

Kisha kengele ya baiskeli! Shemeji, na galoni ya mafuta, na kamba mpya begani. Alitufuata toka nyumbani. Akamimina mafuta ili gari lifike kwake kwa nguvu zake lenyewe. Alipomaliza tone la mwisho Mama akamuuliza, mwanangu, unanunua kwa nani? Kadi ya gari ina jina la nani?

Hakuna aliyewahi kuitazama. Ina jina la Mama.

Mama akasema gari haliuzwi, na kila mwezi atapelekwa kwa dada yake. Shemeji aliitazama galoni yake tupu. Mwalimu Mkuu akamwambia kaka, pole, njoo unywe chai. Chai ilikuwa imekwisha.

Jumatatu, 10 Machi

Amri mpya. Kuanzia leo Mwalimu Mkuu ndiye anayepima, kila jioni, na ufito unakaa jikoni kwake. Mafuta yakiwa chini ya mwekundu, nakwenda kazini kwa miguu na Mama Msahihishaji. Jumapili ijayo, akasema, tunapanda tena kilimani, mimi na yeye tu. Sikuelewa kwa nini, kwa mama mkubwa tumeshakwenda jana. Lakini nimeona ni nafasi ya kumwonyesha mume anayejua kubana mafuta.

Mchana nimeazima msumeno wa kiwandani na kupitia jikoni akiwa shuleni. Vidole viwili tu, kwa chini. Nani atashuku ufito uliokwisha kukatwa kwamba umekatwa tena? Hata Mzee hakulifikiria hilo! Jioni kapima, kautazama mwisho wa ufito kwa muda mrefu, kasema mafuta yapo tele. Kaumeza mtego kabisa.

Baadaye nimelipunguza gari uzito upya. Chini ya kiti cha mbele, ajabu, nimekuta chupa ya chai, ile ya harusi yetu ambayo Mwalimu Mkuu haruhusu iguswe, na vikombe viwili vimefungwa kwenye kitambaa. Sijui nani kavisahau humo. Kilo nzima na ushee ya uzito wa bure!

Nimevirudisha kabatini.