Jina Moja la Kwenda Chuo Kikuu

Jumapili, 1 Juni 1975

Nisamehe, daftari. Nilikununua Januari, nikaapa nitaandika kila siku. Ukurasa wa kwanza mwanangu Minza kaumwagia uji. Wa pili mama mkwe kauchana kuwashia moto. Huu ni wa tatu na mwezi ni wa sita. Kisingizio sina, ila kuchoka. Mtoto halali. Akilala anakohoa, na akikohoa naamka mimi, kwa sababu baba yake yuko stesheni ya Tura anabadilishia treni njia.

Basi mambo yako hivi. Nataka kwenda Chuo Kikuu, Dar es Salaam, kusoma siasa na utawala wa nchi. Mimi, Sikuzani, kidato cha nne, mwalimu wa watu wazima hapa Isevya, Tabora! Mtihani wa kuingia nimefaulu. Lakini siku hizi kufaulu hakutoshi, lazima tawi la TANU lishuhudie kwamba wewe ni mtu wa watu. Na tawi letu limeamua kupeleka jina moja tu. Walimu wa watu wazima tuko wawili, tukiondoka wote wazee watabaki na ubao mtupu. Mkutano wa kuchagua ni Jumamosi ya tarehe kumi na nne.

Mwalimu wa pili ni Mwanamkuu. Naye kafaulu. Baba yake Mzaramo, aliletwa huku na kazi ya reli. Kwa hiyo mtani wangu. Babu zetu Wanyamwezi walipokuwa wakibeba pembe kwenda pwani, walilala kwao na wakala kwao, na tangu hapo sisi na wao hatukasirikiani. Anitukane, nicheke. Nimvue kanga njiani, acheke. Leo bombani kasema mbele ya ndoo zote kwamba Mnyamwezi akifika Chuo Kikuu atapewa kazi ya kuwabebea wenzake vitabu.

Nikacheka, meno yote nje. Ndoo yangu nikaiacha ifurike.

Jumatano, 4 Juni

Nimeazima kitabu cha mifumo ya utawala. Kizito kama tofali. Nakisoma Minza akinyonya, nakiegemeza mgongoni kwake, masikini, ndiyo meza niliyonayo.

Kinasema katika nchi zenye utaratibu madaraka hugawanywa: huyu atunge sheria, huyu azitekeleze, huyu ahukumu. Nikatazama nyumbani kwangu. Mama mkwe anatunga, anatekeleza, anahukumu, na rufaa hakuna. Nilimweleza kwa adabu. Akasema vizuri sana, mama Minza, na mimi nakugawia madaraka ya kuosha sufuria.

Nimepata mpango. Jumamosi ni zamu ya shamba la tawi, kuvuna viazi vitamu vya kukaushia michembe. Nitafika wa kwanza kuliko wote. Mzee Darwesh, mwenyekiti wetu, akifika anikute nimeinama na jembe, mtoto mgongoni, jasho linatiririka. Picha hiyo hatakaa aisahau.

Jumamosi, 7 Juni

Nilifika wa kwanza. Giza bado, baridi ya kipupwe inakata masikio. Minza akalia. Nikakaa kwenye tuta nimnyonyeshe kidogo tu.

Nilipofumbua macho jua lilikuwa limepanda na nusu ya shamba limekwisha. Mzee Darwesh kasimama mbele yangu, mikono nyuma. Pembeni yake Mwanamkuu na tenga limejaa viazi. Mwanamkuu akaweka kidole mdomoni akawaambia watu taratibu jamani, msimwamshe mpagazi wangu, Bagamoyo bado mbali.

Shamba zima likacheka. Mzee Darwesh akalazimika kushika mti. Picha hiyo kweli hatakaa aisahau.

Jumanne, 10 Juni

Nimebadili njia. Sasa ni ukweli mtupu.

Darasa la Mwanamkuu linasifiwa mjini kwa sababu wanafunzi wake wamejua kusoma haraka. Si ajabu! Nusu yao walikuwa wanajua. Mmoja ni Mzee Mussa, aliyekuwa akipokea simu za maandishi stesheni tangu wakati wa Mwingereza. Mtu huyo kafundishwa a-e-i-o-u na akapigiwa makofi!

Nikaenda kwa Mzee Darwesh, barazani kwake, anakoshona suruali. Yeye ukoo wao ni wale Waarabu wa hapahapa Tabora. Mtani hana, ndiyo maana utani wa wengine anaupenda kama halua. Nilimpa shikamoo, nikasema nimekuja kwa jambo zito. Nikamweleza lote.

Alianza kutikisika mabega. Kisha mguu ukaacha cherehani. Kisha akamwita jirani aje asikie. Nikarudia, safari hii kwa hasira. Wakazidi! Nikaapa. Jirani akakaa chini kabisa. Mzee Darwesh akafuta machozi kwa kipande cha kitambaa cha mteja, akasema watani nyie mtaniua, na kwamba Isevya yote haina mtani hodari kama mimi.

Nimerudi nyumbani Minza akiwa wa moto mgongoni. Homa tena. Nimemkanda kwa maji ya uvuguvugu, nimemwimbia, ameshika kidole changu hadi akalala. Nikienda Dar naenda naye. Hilo sitajadiliana na chama, serikali wala mama mkwe.

Alhamisi, 12 Juni

Mzee Mfaume amefariki alfajiri. Mjomba wake Mwanamkuu, ndiye aliyemlea wazazi wake walipokufa. Mtu mpole. Kila akipita kwetu alimpa Minza kipande cha muwa. Nililia kweli, daftari, naomba hilo lijulikane kwanza.

Mpango ulinijia katikati ya kilio. Si kosa langu.

Msiba wa Mzaramo, sisi Wanyamwezi tuna kazi yetu. Kuchekesha wafiwa. Kuzuia jeneza lisitoke mpaka tupewe kitu, kuku, kanga, chochote. Jeneza lilipoinuliwa nikampa mama mkwe mtoto, nikalala kizingitini, chali. Wabebaji wakasimama. Watu wakaanza kutabasamu, maana siku nzima hakuna aliyekuwa amepumua. Wakauliza mtani anataka nini.

Nikasema nataka Mwanamkuu aondoe jina lake tawini.

Kicheko! Mzee mmoja akasema amezika watu wengi lakini hajaona mtani ghali namna hii. Mwanamkuu akatoka ndani. Macho yamevimba. Amemshika mkono mke wa marehemu, Bi Tufaha, ambaye haoni tangu mwaka jana. Akanitazama pale chini. Yeye hakucheka. Akasema:

"Nimekupa, mtani. Inuka, mjomba anachelewa."

Nikainuka nikapangusa vumbi. Nimeshinda! Mbele ya mashahidi mtaa mzima!

Sijui kwa nini sijaweza kula.

Ijumaa, 13 Juni

Nimefua nepi zote, nimekunja na gauni la safari. Mama mkwe akauliza kama kweli nitaishikilia ahadi niliyoichukua juu ya maiti. Nikasema ndiyo mila, mama, hata wewe unaijua. Akasema mila anaijua, na mimi ananijua.

Tangu hapo kanyamaza. Madaraka yote matatu yakinyamaza kwa pamoja, nyumba haikaliki.

Jumamosi, 14 Juni

Mkutano. Watu tele, benchi hazitoshi.

Nilisimama nikatangaza kwamba mwenzangu amejitoa, msibani, mashahidi mpo. Ukumbi ukalipuka. Mzee Darwesh akagonga meza, naye mwenyewe anacheka. Akaeleza, kwa faida ya vijana, kwamba linalotolewa kwa mtani mlangoni kwa maiti ni la kuwafariji watu, halifiki tawini.

Ndipo Mwanamkuu akasimama. Nguo nyeusi, sauti ndogo. Alisema ni kweli anajitoa. Bi Tufaha haoni, na mtu wa kumshika mkono hayupo tena. Alisema Sikuzani anayajua mambo ya utawala kuliko yeye, anayasoma huku ananyonyesha. Akasema na darasa lake lisihesabiwe, maana nusu ya wanafunzi walikuja wanajua kusoma, na ameona aibu siku zote kulisema.

Bati zilitikisika! Watu wakapiga miguu sakafuni. Huyu analipiza, wakasema, juzi yule alilala mlangoni, leo huyu anamsifu! Mwanamkuu akasema jamani sitanii. Wakazidi. Akaanza kulia. Mwanamke mmoja nyuma yangu akasema mwone, na machozi anayo, mtani wa kweli huyo.

Mimi nilikuwa nimekaa karibu. Niliona kidevu chake. Hakuwa anatania.

Nikasimama nikapiga kelele kwamba anasema kweli, msikilizeni! Wakazidi kucheka, na nadhani hapo ndipo nilipommaliza kabisa.

Kura za mikono. Mzee Darwesh akasema mtu anayeweza kuwachekesha watu naye yuko kwenye msiba, huyo ndiye wa kuliwakilisha tawi, na Bi Tufaha tutamtunza kijamaa. Kwa Mwanamkuu mikono ikainuka kama mtama. Kwangu, mkono mmoja tu: wa Mwanamkuu. Mimi kura yangu sikujipigia. Minza alikuwa amelala, mkono mmoja umembeba, wa pili umeshika kichwa chake.

Jumapili, 15 Juni

Nimekipekua kitabu chote. Kuna mabunge, kuna mabaraza, kuna wafalme waliobaki kwa jina tu. Nimetazama hadi orodha ya maneno kule nyuma. Utani haumo. Nchi zote hizo zimeelezwa na hakuna aliyeandika kwamba huku kwetu kuna watu wawili ambao wakisema kweli hawasikiki.

Alasiri Mwanamkuu akaja. Akakaa jikoni kwenye kibao cha mbuzi. Hakuna aliyetania. Mara ya kwanza maishani. Nilisikia vibaya, kama nimekaa na mgeni.

Aliuliza nani atamtunza Bi Tufaha. Kijamaa, nikamwambia, kama alivyosema mwenyekiti. Akaniuliza kijamaa ni nani. Nikafikiri. Kila mtu aliyenyanyua mkono jana, leo ana shughuli zake.

Nikasema mlete hapa.

Lilinitoka hivyo. Mama mkwe alikuwa mlangoni, kasikia. Nikangoja hukumu. Akasema kitanda cha bibi kiwekwe upande usio na upepo, akaenda kutafuta mkeka.

Jumamosi, 28 Juni

Mwanamkuu ameondoka na treni ya Dar. Bi Tufaha alitaka kumsindikiza, kwa hiyo Mwanamkuu alimshika mkono, mama mkwe akambeba Minza, na sanduku nikalibeba mimi. Kichwani. Kutoka Isevya hadi stesheni.

Tulipofika, nikalitua, ndipo nikaona nimefanya nini. Mnyamwezi kambebea Mzaramo mzigo wake wa kwenda pwani! Nikamtazama. Nikamngojea. Kitu kama kile mtani halali bila kukisema.

Aliona. Najua aliona, mdomo ulicheza. Lakini akanyamaza, akanikumbatia kwa nguvu, akaingia behewani.

Hilo ndilo limeniuma kuliko kura zote. Angalau angesema.

Treni ilipotikisika nikakimbia nayo nikamwambia akafunge mdomo dirishani, moshi ukimwingia watu wa Dar watadhani Mzaramo anaivishwa kama ndizi. Akacheka na kulia. Nikarudi nimemshika mkono Bi Tufaha. Anatembea polepole sana. Ana mkono mwepesi kama wa Minza.

Jumapili, 29 Juni

Madarasa yote mawili sasa ni yangu. Mzee Mussa yumo. Ananisahihisha.

Ndani wamelala wawili, Minza upande wa ukuta, Bi Tufaha ameweka kiganja juu ya tumbo lake kusikiliza kama anakohoa. Leo hajakohoa. Nje upepo, vumbi, nepi hazikauki bila kugeuka nyekundu. Mwaka mzima mwingine. Niliwaza nikalia kidogo, kisha nikamenya mihogo.

Lakini ukimya wa jikoni huleta akili. Nimejiuliza nilikosea wapi, na nimeona. Nilitumia utani kwa mtani asiyefaa! Mwanamkuu alikuwa mwombaji kama mimi. Utani unatakiwa utumike kwa mwenye madaraka.

Na sikiliza, daftari. Mwezi ujao tunaletewa katibu mpya wa tawi, kutoka Handeni. Mzigua! Nimeuliza kwa wazee, nimeuliza mara mbili: Wazigua nao ni watani zetu tangu safari zilezile. Mtani hunyakua kitu chako bila kuomba. Akishanyakua, kukunyima nawe anaona haya. Mwakani jina ni moja, na atakayeliandika ni yeye. Safari hii haiwezi kuharibika.

Kesho namwambia gadi wa treni ampelekee mume wangu Yahaya ujumbe Tura, atume haya, asipunguze hata kimoja: blanketi la Minza, lile la kijivu, si lenye tundu. Asali ya nyuki wadogo, chupa moja, ya kifua cha mtoto. Fimbo nyepesi ya Bi Tufaha, aichonge mwenyewe, iwe na kichwa laini. Mafuta ya taa. Sabuni ya miche, miwili. Na kuku mmoja jike, mnene, mwenye sauti, nitakayemfunga kwa kamba ndefu njiani mbele ya ofisi ya tawi, tayari kwa kunyakuliwa.