Dirisha la Kuteleza la Ogola wa Kondele

Jumatatu, 12 Aprili 1993

Selpha ameondoka. Amechukua mtoto wetu Anyango, sufuria kubwa na redio. Redio! Ameenda kwa mama yake, kijijini Awasi. Na sababu si pombe, si mwanamke mwingine. Ni dirisha!

Tangu tuhamie nyumba hii ya Kondele, shimo la dirisha limezibwa kwa gunia la mahindi. Kila mara nimekuwa nikimwambia mke wangu kwamba gunia ni la muda tu. Jana, sikukuu yenyewe ya Pasaka, upepo wa mvua ukaling'oa. Wadudu wa ziwani wakaingia kama walioalikwa, wakajaa kwenye mchuzi wa kuku. Kuku mzima! Selpha hakugomba wala hakulia. Hapo ndipo nilipojua mambo yameharibika.

Asubuhi akasema hatarudi kwenye nyumba inayofungwa kwa gunia. Tena akasema neno langu haliamini. Mama yake atakuja kuangalia mwenyewe, Jumamosi ya wiki ijayo. Mama akisema ni dirisha, atarudi. Mama akisema si dirisha, nitafute mtu mwingine wa kunipikia.

Nimekaa kitandani kutwa nzima. Nyumba imenyamaza mno, namkumbuka hata kwa kelele zake. Lakini nimewaza na nimeona mwanga. Mama mkwe haingii ovyo nyumba ya mkwe wake. Ni lazima kwanza apokewe rasmi, na kupokewa rasmi ni kuchinja, na mimi sijachinja. Kwa hiyo atasimama nje. Na mtu aliyesimama nje anaona nini? Haoni sakafu iliyopasuka. Haoni paa linalovuja upande wa nyuma. Anaona dirisha tu!

Jumatano, 14 Aprili

Dalmas amekuja kunipa pole. Huyu ni jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, mtu ambaye raha yake ni kuona wengine wakipata shida kisha awape ushauri. Ana madirisha ya chuma ya bawaba, amepaka rangi ya kijani, na kila jioni huyafungua na kuyafunga bila sababu. Akanishauri nikanunue kama yake kwa Gichuki, fundi wa kuchomelea pale barabarani. Yako tayari, akasema, siku moja tu nitakuwa nimemaliza.

Niwe na madirisha kama ya Dalmas? Afadhali gunia.

Mimi nimeona makubwa zaidi. Mwaka jana nilimpelekea bosi wetu wa kazini samaki nyumbani kwake Milimani, mtaa wa matajiri. Mke wake alikuwa ameshika kikombe cha chai mkono mmoja. Kwa mkono mwingine, kwa kidole kimoja tu, akalisukuma dirisha. Halikufunguka kwenda nje. Lilipita kando, kimya, likajificha nyuma ya mwenzake. Nilisahau hata kumkabidhi samaki.

Basi nitatengeneza lile. Fremu ya mbao nitaichonga mwenyewe. Vioo viwili vitakaa ndani ya fremu za chuma, Gichuki atazichomelea, nazo zitateleza ndani ya mfereji wa mbao. Nimemchorea kila kitu. Akauliza kitasa achomelee upande gani. Nikamweleza kwa upole kwamba kitasa ni cha madirisha ya bawaba. La kuteleza hujishikilia lenyewe. Akatazama mchoro, akanitazama mimi, akasema, "Mimi ni kuchomelea tu, bwana. Injinia ni wewe."

Injinia! Hakuna mtu aliyewahi kuniita hivyo. Mama mkwe akishaona, Kondele nzima itataka. Nitafungua karakana: Ogola Madirisha Bora. Dalmas akija na oda nitamwambia angoje.

Ijumaa, 16 Aprili

Mbao zimepatikana. Baba mdogo Joram, ambaye ndiye atakayewapokea wageni siku hiyo kwa niaba yangu, alikuwa ameangusha mkaratusi na kupasua mbao. Ni mbichi, maji bado yanatoka. Mzee akasema niziache zikauke mpaka baada ya mavuno. Nikamuuliza kama mama mkwe pia atangoja mavuno. Akaniachia mbao.

Dalmas ameniazima randa na patasi. Ametaka kuniazima na pimamaji pia, ati fremu isije ikalala upande. Nikakataa. Kazi yangu ni kupima samaki kule Dunga, ufukweni mwa ziwa. Nikimtazama mbuta, najua uzito wake kabla hajagusa mzani. Jicho kama hili halihitaji kichupa chenye povu ndani.

Fremu imeisha. Ni nzuri sana. Natamani Selpha angekuwepo kuiona ikiwa bado mpya.

Jumapili, 18 Aprili

Sikwenda kanisani. Mungu anajua kwa nini.

Gichuki ameleta vioo. Si vioo vya kawaida, ni vile vya bafuni vya maua-maua, ambavyo mtu wa nje haoni ndani. Kwa hiyo hata pazia halitahitajika, na dirisha lote litaonekana. Nikaitia fremu ukutani, nikaziba kwa simenti, nikavipanga vioo ndani ya mfereji. Watoto wa ploti wakakusanyika. Dalmas naye akatoka na kiti chake. Nikanyoosha kidole kimoja, kama yule mama wa Milimani, nikasukuma.

Hakuna kitu.

Nikasukuma kwenda kulia, kioo kikagonga mwenzake. Nikasukuma kwenda kushoto, kikagonga fremu. Vyote viwili viko ndani ya mfereji mmoja! Dalmas akauliza, kwa sauti ya mtu anayetaka kujifunza: mmoja akitaka kupita, yule mwingine huwa anaenda wapi. Watoto wakacheka. Nikawafukuza. Nikataka kumfukuza na Dalmas, lakini patasi ni yake.

Hata hivyo, penye nia pana njia. Nikachimba mfereji wa pili kando ya ule wa kwanza, fremu ikiwa pale pale ukutani, juu na chini. Kioo kimoja kitatulia, kingine kitapita. Mfereji mpya umeinama kidogo kuelekea kwa Dalmas. Mtu wa kawaida hawezi kugundua. Mimi nimegundua kwa sababu ya jicho langu.

Jumanne, 20 Aprili

Jana jioni liliteleza! Mara moja, mpaka mwisho. Nikapiga kelele nikiwa peke yangu. Nikaenda kulala nikiwa tajiri.

Usiku kucha mvua. Asubuhi mbao zimevimba, kioo kimeshikwa kama jino. Nimesukuma kwa mkono, kwa bega, kwa mguu. Nimekibembeleza. Nimekitukana kwa Kiswahili na kwa Dholuo. Dalmas akatokea na nyundo, akasema ni msaada tu.

Mama mmoja muuza omena, wale dagaa wa ziwani, ametoka Awasi na salamu. Mama mkwe ameshaifua ile nguo yake ya safari. Selpha mwenyewe hakusema kitu. Anyango ameulizia baba. Nilipoambiwa hivyo nikainamia omena zake, nikajifanya nachagua.

Alhamisi, 22 Aprili

Nimepata! Nashangaa Milimani hawajui hili.

Mafuta ya mbuta! Wale akina mama wanaokaanga vichwa vya samaki pale Dunga huwa nayo tele. Nikaja na kopo zima, nikayapaka mferejini kwa kidole, mfereji wa juu na wa chini, bila uchoyo. Nikasukuma. Yawa! Kioo kikaenda kama mtumishi aliyeitwa na tajiri. Nikafungua, nikafunga, nikafungua, nikafunga, mpaka nikasahau kupika. Dalmas alikuwa anachungulia kupitia dirisha lake la kijani. Akalifunga. Usiku mwema, Dalmas!

Tatizo ni dogo tu. Paka. Paka wote wa Kondele wamekuja kulamba. Mbaya zaidi ni dume la manjano la Dalmas, ambalo limehamia kwenye kizingiti cha dirisha na halitaki kushuka. Najua limetumwa.

Jumamosi, 24 Aprili

Naandika haya nikiwa nimejifungia ndani. Sitatoka tena. Watanitoa nje siku ya kunizika.

Jua limewaka tangu asubuhi, jua kali la kwanza baada ya siku nyingi. Nikafurahi, nikasema Mungu yu upande wangu. Nikaenda Dunga kupima samaki zamu ya asubuhi, nikijua wageni watafika mchana. Kumbe mama mkwe si mtu wa mchana. Niliporudi nikanusa hatari kabla ya kuiona. Ameshafika! Yuko uani na shangazi wawili wa Selpha, wamekalia viti vya kuazima, Mzee Joram anawahudumia soda. Na mimi nanuka mbuta kuanzia kofia mpaka soksi.

Nikajipenyeza ndani kwa mlango wa nyuma. Sasa fikiria. Bafu letu liko ng'ambo ya ua. Nikienda kule, lazima nipite mbele ya mama mkwe na taulo. Haiwezekani! Mkwe mwenye adabu hafanyi hivyo. Kwa hiyo, kwa heshima tupu, nikaamua kuogea ndani. Nikaweka beseni katikati ya chumba, nikavua kila kitu, nikajipaka sabuni kichwani mpaka machoni.

Nikawa nasikia sauti zao nje. Wamesimama, wanalikaribia dirisha. Mama mkwe akamwambia Mzee Joram kwamba kusema kweli hakutarajia. Akasema hata kule kwa daktari hajaona dirisha kama hili. Akasema, nilisikia kwa masikio yangu haya, "Hili ni dirisha." Akaongeza kwamba labda walimdharau huyu kijana bure, kumbe ana akili.

Nilisimama ndani ya beseni na povu langu, na machozi yakanitoka. Si ya sabuni. Selpha anarudi! Anyango anarudi!

Halafu nikasikia upepo mgongoni. Upepo mzuri, wa nje.

Sijui ilikuwa nini hasa. Labda jua lilikausha mbao na kuyeyusha mafuta. Labda ni ule mwinamo wa mfereji. Lakini dume la manjano lilikuwa pale kwenye kizingiti likilamba, na paka ni wa Dalmas, kwa hiyo kosa ni la Dalmas. Nikafungua jicho moja, nikageuka. Jambo la kugeuka nalijutia. Kioo kimejifungua chote, na katikati ya fremu yangu amesimama mama mkwe na nguo yake ya safari.

Nikasema, "Karibu, Mama. Habari ya safari?" Ndilo neno lililokuja.

Nikarukia dirisha nikalifunga kwa mikono miwili. Nikaachilia nichukue taulo. Likafunguka! Nikafunga tena, nikaachilia, likafunguka tena! Nikilifunga, mimi niko wazi. Nikijifunika, dirisha liko wazi. Shangazi walikuwa wanapiga kelele, "Uwi! Uwi!" Mama mkwe alikuwa amejifunika uso kwa kitambaa cha kichwa, lakini kila nilipofunga alikishusha kuona kama imekwisha, na kila alipokishusha, haikuwa imekwisha.

Wameondoka bila kumaliza soda. Mzee Joram anatikisa kichwa tu. Mkwe kuonana hivyo na mama mkwe si jambo la kuombea radhi kwa mdomo. Selpha hawezi kurudi sasa. Sijala. Nimekaa sakafuni namtazama mwanangu kwenye picha iliyoko ukutani, na upepo unaingia.

Jumatatu, 26 Aprili

Selpha amerudi!

Amefika asubuhi, mtoto mgongoni, redio kichwani. Hakunisalimu. Alikwenda moja kwa moja kwa Dalmas kuazima nyundo, akalipigilia dirisha misumari mirefu pande zote mpaka likawa ukuta. Kisha akakaa kitandani, akanitazama, akaanza kucheka. Alicheka mpaka Anyango naye akacheka bila kujua kisa.

Akasema mama yake alitembea kwa heshima zake zote mpaka kituoni. Pale akakalia gunia la viazi la mtu, akacheka mpaka shangazi wakamshika asianguke. Alipofika nyumbani akamwambia Selpha kwamba alikuwa ameshatamka kuwa ni dirisha, na neno la mtu mzima halirudishwi tumboni. Arudi kwa mume wake. Ila mtu kama huyo, akasema, asiachwe peke yake hata siku moja.

Nilimshika Selpha mkono. Nilitaka kusema mengi, nikasema tu asante. Akasema nisiguse tena mbao maisha yangu yote. Nikakubali. Ningekubali lolote.

Sasa amelala, nami naweza kuandika bila kusumbuliwa. Tuangalie mambo yalivyo. Mke alisema atarudi nikiweka dirisha. Nimeweka dirisha, mke amerudi. Sasa nani atasema dirisha halikufanya kazi? Zaidi ya hayo, Dalmas anasema habari imeshafika mpaka mtaa wa Obunga. Alidhani ananitia aibu. Hajui biashara, maskini. Watu hulipia matangazo ya namna hiyo!

Limebaki jambo moja. Mzee Joram anasema ni lazima nipeleke mbuzi Awasi, kufuta ile aibu kwa mama mkwe. Mbuzi! Wazee wetu walikuwa watu wema lakini hawakuwa mainjinia. Mimi nimefikiria zawadi bora. Nyumba ya mama mkwe ina dirisha la mbao lililooza, nalikumbuka vizuri, ukubwa wake ninao hapa kwenye jicho. Gichuki nimeshazungumza naye. Mbuzi huliwa siku moja akaisha. Dirisha langu atalifungua kila asubuhi, na kila akilifungua atanikumbuka.