Gileadi Ilipoamshwa Sabato

Jumatatu, 12 Oktoba
Itangazwe kwa mataifa yote, na kwa mke wangu Verlene aliyeko jikoni: leo saa nne asubuhi, kishale cha kwenye skrini kimekwenda kushoto! Kulia kilikuwa kinakwenda tangu mwaka juzi. Gileadi, mfumo endeshi wa kompyuta niliouandika peke yangu miaka kumi na mmoja, umekamilika. Roho alinituma nikiwa nafua soksi. Sharti moja: mashine nayo ipumzike Sabato, kama punda. Ijumaa jua likizama, inalala. Mpaka Jumamosi jua lizame tena.

Verlene kasema hongera. Kisha kanikumbusha ahadi: baraza la kanisa likiikataa, naacha kabisa. Chumba changu cha kompyuta kinakuwa cha cherehani. Nimekubali. Itakataliwaje?

Jumatano, 14 Oktoba
Baraza limekubali majaribio! Gileadi itaonyesha nyimbo ukutani ibada ya Jumamosi hii. Kura Jumapili. Siku zote kazi hiyo ni ya Duane Prewitt, kwa kompyuta ya dukani, na anajiona Musa. Kaniuliza mbele ya watu: "Ndugu Merle, hivi hiyo mashine yako siku ya ibada si ndiyo inalala?"

Wamecheka. Hata mchungaji, ndani ya mkono wa koti.

Sikuwa nimelifikiria. Miaka kumi na mmoja!

Alhamisi, 15 Oktoba
Ufumbuzi! Ng'ombe akitumbukia kisimani siku ya Sabato, unamtoa. Imeandikwa. Nimeweka mlango wa dharura: Gileadi itaamka ukiitajia aliye hatarini. Jina kamili na umri, maana mimi mtu makini. Verlene kauliza kwa nini nisiondoe tu huko kulala. Nikamwambia agizo ni agizo. Kajibu, "Haya, Merle." Ile haya yake.

Jumapili, 18 Oktoba
Jana sikuandika, Sabato. Kwa kifupi: hitilafu ya umeme. Duane kanipa pole kwa sauti ya mtu aliyeshiba. Baraza limepiga kura. Saba kwa sifuri.

Verlene ni mjumbe.

Jumatatu, 19 Oktoba
Basi niseme ukweli. Umeme ulikuwepo.

Kinanda kilikuwa kimeshaanza, mara mbili. Niliandika dharura: wimbo. Gileadi ikajibu hiyo si dharura. Jasho! Duane akasema taratibu, "Usijali ndugu yangu, tumezoea kusubiri." Basi nikatafuta mtu ambaye kwake ingekuwa karibu na kweli. Mzee Orville Tackaberry, miaka tisini na miwili, benchi la mbele.

Ukutani, herufi za futi mbili: ORVILLE TACKABERRY ANAKUFA.

Akasoma kwa sauti, pole pole. Akauliza, "Nani kawaambia?" Binti yake akapiga ukelele. Wauguzi wawili wakamlaza, wakamlegezea tai. Naye akipiga mateke: "Niacheni jamani, mie mzima! Njaa tu!" Wimbo ulitokea, vizuri kabisa, beti zote nne. Hakuna aliyeuimba.

Nilimdanganya Mungu mbele ya kanisa zima ili Duane asicheke. Ndivyo ilivyokuwa.

Asubuhi hii Verlene amepima dirisha kwa ajili ya mapazia. Nikamwambia nimeacha, safari hii kweli. Kaniwekea mkono begani, kakaa hivyo kidogo. Kisha kaenda kazini.

Gari lilipokunja kona nimefungua faili jipya. Toleo la pili halitauliza jina. Litauliza umri tu.