Chai ya Kungoja Kuombwa

Jumatatu, 3 Machi 2025
Kaaga, mjini Meru. Darasa limeanza. Waandishi wazoefu wa programu za kompyuta, wote wa chama cha ushirika cha maziwa. Nawafundisha programu za funksheni: kila kipande kinapokea kitu, kinatoa kingine, hakigusi cha jirani. Kilichokwisha kuwekwa hakibadilishwi. Nilikuwa kijana bwawa lilipomeza shamba letu kule Gachoka. Tangu hapo napenda kitu kisichobadilishwa.

Bundi, mkubwa wao, akauliza lita zilizoharibika atazipunguzaje. Nikamwambia asipunguze, aunde jumla mpya. Akaandika, akatikisa kichwa.

Ijumaa watachagua mwalimu wa mwaka mzima: mimi, au Kiunga wa chumba cha pili, niliyemfundisha mwenyewe. Wakinikataa sina kazi tena mjini. Binti yangu Wanja ameshasema nitahamia kwake Ruiri, nimsaidie na mbuzi.

Jumanne, 4 Machi
Mkakati wa kuwapata: kufuta chai ya saa nne. Funksheni safi haitoki nje! Nikafunga mlango. Punde kila mmoja akapigiwa simu ya dharura. Nikawakuta kwa Kiunga, midomo imejaa nduma. Kiunga akanipisha kiti chake. Heshima ile iliniuma.

Jumatano, 5 Machi
Mkakati bora. Somo la leo: programu yenye busara haitafuti jibu mpaka jibu liombwe. Nikaamua kuwaonyesha kwa chai. Vikombe mezani, jiko tayari, maziwa hayajachemshwa. Atakayeomba, nitamchemshia.

Nikangoja. Wakangoja. Nikauliza kama kuna mwenye kiu. Kananu, mpole wao, akasema wako sawa tu. Saa sita wakaaga. Mlangoni Bundi akanishika mkono kwa mikono miwili.

"Mwalimu, huku mgeni haombi chai."

Miaka yote hii Meru. Nilijua.

Ijumaa, 7 Machi
Wamemchagua Kiunga. Kananu ndiye aliyeleta habari, akakataa kuketi. Ningechemsha tu yale maziwa.

Jumapili, 9 Machi
Ruiri. Upepo na vumbi. Wanja alipoenda kanisani aliniagiza nijaze karai la mbuzi maji mapema. Sikujaza. Nikaketi na ndoo. Jua lilipopanda mbuzi wakaja wote, wakalia, wakanisukuma magoti. Wakaomba! Nikamimina.

Wanja akarudi na majirani, akanikuta nimelowa hadi kiunoni.

"Baba, kwani hawa mbuzi ni wanafunzi wako?"

Nikamwambia ndio, tena wa kwanza kuelewa. Nadharia haikuwa na kosa lolote.